SOMO LA 14: KUMFUNDISHA KASUKU KUPANDA MKONONI

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba wanyama huzaliwa na tabia fulani ambazo hawafundishwi na yeyote. Kifaranga wa kuku huanza kudonoa chini mara tu baada ya kuanguliwa. Buibui husuka utando wake bila kuonyeshwa na mama yake. Tabia za namna hiyo huitwa silika. Leo utajifunza juu ya tabia za aina ya pili, yaani zile ambazo mnyama huzipata kwa kujifunza. Tutamtumia kasuku kuwa mfano wetu, kwa sababu kasuku hujifunza upesi mno. Kwa bahati mbaya, hujifunza mabaya kwa upesi ule ule anaojifunzia mema.

Soma kwanza habari hii.

Katika nyumba moja mjini Tanga palikuwa na kasuku wa kijivu aliyeitwa Bahati. Alikuwa ndege wa babu, naye alikuwa amekaa nyumbani humo kwa muda wa miaka 22. Babu alipokuwa hai, Bahati alipanda mkononi mwake kila asubuhi, akapelekwa barazani, akala kipande cha papai huku babu akinywa kahawa. Babu alipofariki, hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kumtoa tunduni. Mjukuu wake, mvulana wa darasa la tano kama wewe, alifungua mlango wa tundu akaingiza mkono ili amshike. Bahati akamwuma kidole mpaka damu ikatoka. Kijana alipiga kelele akauondoa mkono kwa haraka. Siku ya pili yake alijaribu tena, safari hii mkono ameuzungushia kitambaa kizito, na akaumwa zaidi. Baada ya juma moja Bahati akawa anauma hata mkono uliokuja kumtilia maji.

Baba yake kijana akasema kwamba ndege yule apewe mtu mwingine, na kama hakuna amtakaye, basi akae tunduni siku zote. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri aweza kuishi miaka 40 na hata 60. Kwa hiyo kufungiwa kwa Bahati kungeweza kuwa kwa muda mrefu kuliko umri wako wote mara mbili.

Je, Bahati alikuwa ndege mkorofi, au kuna jambo alilokuwa amelijifunza? Andika jibu lako katika daftari. Utalitazama tena mwisho wa somo.

Mwili wa kasuku

Kabla ya kumfundisha mnyama yeyote yakupasa kuujua mwili wake na makazi yake. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Afrika. Hupatikana kuanzia Afrika ya Magharibi, kupitia misitu mikubwa ya Kongo, mpaka Uganda, sehemu ya magharibi ya Kenya, na pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania katika mkoa wa Kagera. Urefu wake ni kama sentimeta 33, na uzito wake ni karibu gramu 400 hadi 500. Mwili wake ni wa kijivu na mkia wake ni mwekundu. Kinda lina macho meusi, lakini kadiri ndege anavyokua macho hayo hugeuka kuwa ya manjano hafifu.

Sasa tazama mkono wako. Kidole gumba chako hukabiliana na vidole vingine, ndiyo maana waweza kushika kalamu. Mguu wa kasuku una vidole vinne: viwili huelekea mbele, na viwili huelekea nyuma. Kwa mguu wa namna hiyo aweza kushika tawi kwa nguvu, na aweza pia kushika tunda na kulipeleka mdomoni. Kuku hawezi kufanya hivyo, kwani yeye ana vidole vitatu mbele na kimoja tu nyuma.

Mdomo wa kasuku ndio utakaotushughulisha zaidi. Sehemu ya juu imepinda kama ndoana. Imeungana na fuvu kwa kiungo kinachoiwezesha kuinuka na kushuka, na kwa hiyo kasuku huweza kuvunja kokwa ngumu. Mdomo huo umefunikwa kwa kitu kile kile kilichotengeneza kucha zako, nao hukua siku zote. Lakini kasuku hautumii mdomo kwa kula na kuuma tu. Anapopanda mti, hushika tawi kwa mdomo kwanza, halafu huinua mguu mmoja, halafu wa pili. Mwaka 2022 wanasayansi huko Marekani walipima nguvu za kasuku wadogo waliokuwa wakipanda ukuta ulio wima. Wakaona kwamba mdomo ulifanya kazi sawa na mguu, na wakati mwingine ulizidi mguu. Kwa hakika, kasuku apandapo ana miguu mitatu.

Likumbuke jambo hilo. Unapompelekea kasuku mkono wako ili aupande, karibu kila mara ataunyoshea mdomo kwanza. Anataka kujua kama tawi hili jipya ni imara. Mtu asiyejua hudhani anataka kuumwa, naye huondoa mkono kwa hofu. Kasuku hupepesuka, pengine huanguka. Tangu hapo hauamini tena mkono ule, na mara nyingine ataushika kwa nguvu zaidi ili usimtoroke. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyowafundisha ndege wao kuuma bila kujua.

Kwa nini kasuku huuma?

Huko msituni kasuku huwindwa na ndege wakubwa kama tai. Tai hushuka kutoka juu na kukamata kwa kucha. Fikiri, basi, jinsi mkono wa binadamu unavyoonekana kwa ndege aliye ndani ya tundu. Unakuja kutoka juu, una vidole vitano vilivyopanuka, na hakuna njia ya kukimbia. Ndege aliye huru angeruka akaenda zake. Aliye tunduni hawezi kuruka, kwa hiyo hutumia silaha iliyobaki.

Kasuku huweza kuuma pia kwa sababu anaumwa mahali fulani mwilini, au amechoka, au analinda chakula chake na mahali pake pa kulala. Ikiwa ndege aliyekuwa mpole ameanza kuuma kwa ghafula, tena amevimbisha manyoya na hali chakula, usimpe mafunzo. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Tumrudie Bahati. Siku ya kwanza aliuma kwa hofu. Je, nini kilitokea baada ya kuuma? Mkono uliondoka. Siku ya pili mkono ulikuja, akauma, ukaondoka. Siku ya tatu vivyo hivyo. Kwa Bahati kuuma kulikuwa ni kazi yenye mshahara, na mshahara wenyewe ulikuwa kuondoka kwa mkono. Hapa pana kanuni kubwa katika elimu ya tabia za wanyama: tendo likifuatwa na jambo ambalo mnyama analitaka, tendo hilo hurudiwa, likikosa faida, hupungua polepole. Kanuni hii ilichunguzwa kwa miaka mingi na mwanasayansi wa Marekani aitwaye B. F. Skinner, aliyeishi kuanzia 1904 hadi 1990. Yeye alitumia hasa panya na njiwa.

Kumbuka kwamba anayeamua jambo gani ni mshahara ni mnyama, wala si mwalimu wake. Watu wengine humkaripia kasuku kwa sauti kubwa anapouma. Wao hudhani wanamwadhibu. Lakini kasuku ni ndege wa makundi yenye kelele nyingi, na kwa ndege aliyekuwa peke yake kutwa nzima, ukelele wa mtu waweza kuwa mazungumzo mazuri kabisa.

Kumpiga je? Kumpiga ndege mdomoni, kumpulizia usoni, au kumtikisa ili aanguke ni makosa. Maumivu hayamfundishi afanye nini badala ya kuuma. Humfundisha tu kwamba mikono ni vitu vibaya, na hilo alikuwa analiamini tayari.

Kusoma dalili za kasuku

Kasuku mara chache huuma bila kutoa onyo. Shida ni kwamba onyo lake hutolewa kwa mwili. Kasuku aliyeogopa hubana manyoya yake mwilini, akaonekana mwembamba, naye hujivuta mbali nawe. Kasuku wa kijivu akiogopa sana hunguruma, na sauti hiyo hushangaza mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza. Aliyekasirika husimamisha manyoya ya shingoni, hupanua mkia, huinama mbele na kufungua mdomo. Mboni za macho yake hupanuka na kufinyika upesi upesi. Lakini usihukumu kwa macho peke yake, maana mboni hucheza hivyo hata anapofurahi au anapojaribu neno jipya. Tazama mwili mzima.

Kasuku aliyetulia hulegeza manyoya, husimama kwa mguu mmoja, hujisafisha, na jioni husaga mdomo wake taratibu kabla ya kulala. Huyo ndiye unayeweza kumfundisha.

Mafunzo yenyewe

Kijana wa Tanga alikuwa na shangazi aliyefundisha sayansi. Alipokuja kuwatembelea, kijana alimwamkia, akamwonyesha kidole chake kilichofungwa kitambaa.

"Shangazi, ndege huyu ananichukia," akasema.

"Hapana, mwanangu," shangazi akajibu. "Ndege huyu ni mwanafunzi hodari. Umempa masomo saba ya kuuma, naye amefaulu yote. Leo tutabadilisha somo."

Wakaanza kwa kutafuta tuzo. Shangazi aliweka katika sahani chembe za alizeti, karanga, mahindi mabichi, kipande cha papai na kipande cha karoti, wakatazama Bahati atachukua kipi kwanza. Kwa siku tatu mfululizo alichukua karanga. Kwa hiyo karanga ziliondolewa kabisa katika chakula chake cha kila siku, zikawekwa kwa ajili ya mafunzo tu. Karanga hizo zisiwe na chumvi. Tena zichambuliwe vizuri, kwani karanga zilizoota ukungu zina sumu inayoharibu ini la ndege, na la binadamu pia. Usimpe kasuku parachichi wala chokoleti hata kidogo. Vyakula hivyo huweza kumwua.

Hatua ya kwanza haikuhitaji kumgusa ndege. Kijana aliketi kwenye kigoda mahali ambapo Bahati aliendelea kutulia, kama hatua nne kutoka tunduni, akasoma kitabu chake cha Kiswahili kwa sauti. Hakumkazia ndege macho. Kila alipopita karibu na tundu aliangusha nusu ya karanga katika kibakuli, akaenda zake. Kila siku alisogeza kigoda kidogo. Siku ya tano aliweza kuketi kando ya tundu, na Bahati akawa anakuja upande wake.

Hatua ya pili ilikuwa kumpa karanga kwa vidole kupitia katikati ya nyaya. Ikiwa unaogopa, tumia kijiko kirefu. Hakuna aibu yoyote katika kutumia kijiko. Mkono unaotetemeka humtia ndege wasiwasi.

Hatua ya tatu ilihitaji ufito. Chagua ufito ulionyooka, unene wake uwe sawa na ule wa kijiti anachokalia kila siku. Kijana aliusogeza polepole, si kutoka juu bali kutoka mbele, mpaka ukafika chini ya kifua cha ndege, juu kidogo ya miguu yake. Hapo akasema, "Panda." Kisha akautuliza ufito, usitikisike. Kwa nini mahali hapo? Kwa sababu ndege akiguswa chini ya kifua, njia iliyo rahisi kwake ni kuinua mguu na kukanyaga kilicho mbele yake. Ukiweka ufito chini zaidi ya miguu, itambidi ashuke. Nao ndege hupendelea kupanda kuliko kushuka.

Siku ya kwanza Bahati aliugusa ufito kwa mdomo tu. Akapewa karanga. Siku ya pili karanga haikutolewa kwa kugusa. Ilitolewa alipoinua mguu mmoja na kuuweka juu ya ufito. Siku ya tatu ilibidi apandishe miguu yote miwili. Waona, basi, kwamba kazi kubwa imekatwa vipande vidogo, na kila kipande kimelipwa. Mwalimu wako hufanya hivyo anapokufundisha kugawanya: hakuanza na namba za tarakimu sita.

Tuzo lazima itolewe papo hapo. Tuseme ndege amepanda, nawe ukatumia muda kutafuta karanga mfukoni. Wakati huo ndege amejikuna shingo. Karanga inapofika, yeye huelewa kwamba amelipwa kwa kujikuna. Kwa hiyo uwe na karanga tayari mkononi, zimekatwa vipande vidogo ili asishibe upesi. Kila somo lisizidi dakika kumi, na yatosha masomo mawili au matatu kwa siku. Maliza somo wakati ndege bado anataka kuendelea.

Hatua ya nne ndiyo iliyomtia kijana hofu. Alishika ufito karibu na mwisho wake, ili mkono wake uwe jirani na miguu ya Bahati. Kila siku aliusogeza mkono karibu zaidi, hata kikabaki kipande cha ufito cha urefu wa kiganja. Hatimaye kidole cha shahada kililala juu ya ufito, na ndege akakanyaga vyote viwili. Unapofika hapo, nyosha kidole cha shahada kama tawi, vidole vingine vikiwa vimekunjwa, na kidole gumba kimefichwa. Mkono uwe thabiti.

Siku ya kumi na mbili lilitokea kosa. Rafiki zake walikuja kumtazama, naye akataka kuwaonyesha. Aliuacha ufito, akaingiza mkono mtupu kwa haraka. Bahati alibana manyoya, akanguruma. Kijana aliyaona hayo yote lakini hakusita. Akaumwa.

Safari hii hakupiga kelele, wala hakuvuta mkono kwa nguvu. Aliushusha polepole mpaka ndege akarudi mwenyewe kwenye kijiti chake. Akageuka, akakaa kimya kama nusu dakika. Kisha akachukua ufito, akamwomba afanye jambo jepesi analolijua: kugusa tu. Bahati akagusa, akapewa karanga, na somo likaisha. Kesho yake walirudi nyuma hatua mbili, na siku nne zikapotea. Katika daftari lake kijana aliandika: "Nilionywa mara mbili." Shangazi aliposoma maneno hayo aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaweka alama ya vema.

Mambo mengine ya kuangalia

Mfundishe ndege pia neno "Shuka", nalo lilipwe vile vile. Tena, usimrudishe tunduni kila mara mara tu anapopanda. Ukifanya hivyo, atajifunza kwamba kupanda mkononi ndiyo njia ya kufungiwa, naye atakataa. Mpandishe, mpe tuzo, mshushe juu ya meza, mpandishe tena. Kumrudisha tunduni kuje baadaye, na ndani akute chakula.

Kabla ya kufungua tundu, funga madirisha na uzime feni. Funika masufuria yenye maji na mafuta ya moto.

Usimkamate kasuku kwa kumbana kifua. Binadamu ana kiwambo kilicho chini ya mapafu, ambacho humsaidia kuvuta pumzi. Ndege hana. Yeye hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua chake. Ukimbana hapo, hawezi kuvuta hewa, na aweza kufa mikononi mwako huku wewe ukidhani unambembeleza.

Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika au kusafisha tundu lake. Mavi yaliyokauka yasifagiliwe makavu, bali yaloweshwe kwanza, kwa kuwa kuna ugonjwa unaoletwa na bakteria ambao huweza kupita kutoka kwa kasuku hadi katika mapafu ya binadamu kwa njia ya vumbi. Ukiumwa na ngozi ikachanika, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha mwambie mzazi au mwalimu.

Kasuku wa mwituni

Huenda sasa unatamani kuwa na kasuku. Usimtafute msituni. Kasuku wa kijivu huzaa katika matundu ya miti mikubwa, na watu wanaowatafuta makinda mara nyingi huukata mti wenyewe. Wengi hufa njiani kabla ya kufika sokoni. Huko Ghana, wachunguzi waligundua kwamba zaidi ya kasuku 90 katika kila 100 wametoweka tangu miaka ya 1990. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg, Afrika Kusini, yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa mwituni. Katika Tanzania, sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kufuga mnyama wa mwituni bila kibali.

Hata hivyo wako kasuku waliokwisha kuzoea nyumba tangu zamani, kama Bahati. Hao hawawezi kufunguliwa mlango tu wakaambiwa waende. Tanga si makazi ya kasuku wa kijivu. Hapo hana kundi, hajui kujitafutia chakula, wala hajui kumkwepa kipanga. Aliye mikononi mwetu inafaa atunzwe vema.

Tena ni ndege mwenye akili inayostahili heshima. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa kijivu katika duka moja mjini Chicago, akamwita Alex. Alimfundisha kwa muda wa miaka 30. Alex aliweza kutaja rangi na maumbo ya vitu, na kuhesabu vitu hadi sita. Alikufa mwaka 2007. Kila alipojibu sawa alipewa kitu kile alichokitaja, na kama hakukitaka, aliweza kuomba kingine.

Jaribio: Kuku na mlio wa kopo

Huna haja ya kasuku ili kuichunguza kanuni ya somo hili. Kuku atatosha.

Vifaa: kuku mmoja aliyezoea nyumbani, kopo tupu, kijiti, na mahindi kidogo.

Simama mahali kuku anapokuona. Gonga kopo mara tatu, kisha tupa punje tano za mahindi papo hapo. Fanya hivyo mara nne kwa siku, kwa muda wa siku saba. Kila mara andika kama kuku alikuja kabla ya kuona mahindi, au alikuja baada ya kuyaona. Siku ya nane, gonga kopo akiwa nyuma ya nyumba. Anakuja?

Sasa fanya sehemu ya pili, ambayo wanafunzi wengi huiacha. Gonga kopo, lakini usitupe chochote. Endelea hivyo, ukihesabu kuku atakuja mara ngapi kabla ya kuacha. Usishangae akija kwa bidii zaidi mwanzoni, na hata akikudonoa miguu. Ndivyo tabia inavyofanya inapokosa mshahara wake wa kawaida, kabla haijapungua. Ukimaliza, mpe kuku mahindi yake, amefanya kazi.

Bahati siku ya ishirini na tisa

Haya ndiyo yaliyoandikwa katika daftari la kijana. Siku ya kwanza ya kutumia ufito: aliitwa mara 10, alipanda mara 0, aliuma ufito mara 3. Siku ya kumi na mbili: aliitwa mara 2, aliuma mkono mara 1. Siku ya ishirini: aliitwa mara 10, alipanda mara 6, hakuuma. Siku ya ishirini na tisa: aliitwa mara 10, alipanda mara 9, hakuuma. Ile mara moja aliyokataa, alikuwa anakula papai, na kijana akamwacha amalize.

Siku hiyo alimpeleka barazani kwa mara ya kwanza. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha babu. Hakusema neno juu ya ndege. Aliingia ndani, akatoka na kahawa na kipande cha papai katika kisahani, akakiweka mezani upande wa kijana. Bahati alikitazama kisahani, akamtazama baba, kisha akatoa ile sauti ya kukohoa ambayo babu alikuwa nayo kila asubuhi.

Zoezi

1. Taja tabia mbili za kasuku ambazo ni silika, na mbili ambazo Bahati alijifunza.

2. Eleza tofauti iliyopo kati ya mguu wa kuku na mguu wa kasuku. Chora yote miwili.

3. Kwa nini kasuku hunyosha mdomo kabla ya kupanda mkononi? Mtu afanye nini wakati huo?

4. Kijana alipofunga kitambaa mkononi bado aliondoa mkono alipoumwa. Je, Bahati alijifunza nini siku hiyo?

5. Dada yako humpa mbuzi maganda ya ndizi kila mbuzi anapopiga kelele, ili anyamaze. Mbuzi huyo atafanya nini kesho? Toa sababu.

6. Tumia takwimu za daftari la kijana kuchora grafu inayoonyesha idadi ya mara Bahati alizopanda. Kwa nini si haki kulinganisha siku ya kumi na mbili na siku nyingine?

7. Kwa nini ni hatari kumbana ndege kifuani?

8. Tazama jibu uliloliandika mwanzoni mwa somo. Je, utalibadilisha? Liandike upya, chini ya lile la kwanza, bila kulifuta.